Kwa Nini C Haiongezeki Ilhali D Ina Nafasi: Ufafanuzi wa Kubadilisha Ukubwa wa Patisheni

Fundi anapoweka Windows upya katika kompyuta ya nyumbani, aghalabu huikata diski vipande viwili, viitwavyo patisheni: C kwa ajili ya Windows na programu, na D kwa ajili ya picha, nyaraka na filamu. Mkato huo una mantiki yake, kwa kuwa siku Windows itakapoharibika C itafutwa na kuwekwa upya bila D kuguswa. Tatizo huja baada ya mwaka mmoja au miwili. C, iliyopewa gigabaiti 100, imejaa hadi mstari wake umegeuka mwekundu, masasisho yanakataa kuingia, na pembeni yake D ina gigabaiti 150 zilizokaa bure. Mwenye kompyuta anasikia kwamba ukubwa wa patisheni unaweza kubadilishwa, anafungua dirisha la kusimamia diski, anaipunguza D kwa gigabaiti 60, kisha anarudi kwenye C ili aiongezee hizo 60 na kukuta amri ya "Extend Volume" imepauka, haibofyeki. Nafasi anaiona kwa macho yake, lakini haichukuliki.

Hakuna kilichoharibika hapo, na wala Windows haikosei. Kinachomkwamisha ni picha aliyonayo kichwani. Wengi huifikiria patisheni kama mfuko unaoweza kuvutwa upande wowote ukaongezeka, au kama ndoo mbili ambazo maji ya moja humiminwa katika nyingine. Picha iliyo karibu zaidi na ukweli ni ya kiwanja kilichopimwa: kina bikoni ya mwanzo na bikoni ya mwisho, kina jirani wa kushoto na wa kulia, na hakiwezi kuongezwa isipokuwa kwa ardhi tupu inayopakana nacho. Ukishaiona diski kwa namna hiyo, karibu kila kizuizi utakachokutana nacho katika kazi hii kitakuwa na maelezo.

Hati ya kiwanja na nyumba iliyo ndani yake

Kwa kompyuta, diski ni safu moja ndefu ya visanduku vilivyopewa namba kuanzia sifuri. Kila kisanduku huitwa sekta, na katika hesabu za kawaida sekta moja hubeba baiti 512. Diski inayouzwa kama ya gigabaiti 500 kwa kawaida huwa na sekta 976,773,168, sawa na baiti 500,107,862,016. Windows huigawa idadi hiyo kwa 1,024 mara tatu badala ya 1,000, ndiyo sababu diski hiyohiyo huandikwa kwenye skrini kuwa na gigabaiti 465.76. Aliyeinunua hajapunjwa, ni vipimo viwili tofauti vinavyotumia jina moja, na ugomvi huo ni wa zamani.

Patisheni, kwa upande wake, ni mapatano tu kwamba kuanzia sekta fulani hadi sekta fulani ni eneo moja. Mapatano hayo huandikwa katika jedwali dogo lililo mwanzoni mwa diski. Katika diski ya aina niliyoitaja, iliyowekewa Windows 10 kwa utaratibu wa kisasa, jedwali linaweza kusomeka hivi: sekta 2,048 hadi 206,847 ni patisheni ndogo ya megabaiti 100 inayotumika kuiwasha kompyuta, inafuata nyingine ya megabaiti 16 ambayo Microsoft imejiwekea kwa matumizi yake, kisha C inaanza sekta 239,616. Ikiwa C ilipewa gigabaiti 100 kamili, itaishia sekta 209,954,815, na D itaanza sekta inayofuata, 209,954,816, ikaenda hadi karibu na ukingo wa diski, gigabaiti 365 na ushei. Hakuna ukuta wala pengo kati yao. Mpaka wenyewe ni namba mbili zilizoandikwa mahali.

Jedwali hilo ndilo hati. Nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja ni kitu kingine, nacho huitwa mfumo wa faili. Windows hutumia mfumo uitwao NTFS, ulioanza na Windows NT 3.1 mwaka 1993. Mfumo huu una daftari lake la ndani linaloeleza kila faili limehifadhiwa wapi na vifungu vipi vya diski vimeshatumika, ambapo kila kifungu kwa kawaida ni cha baiti 4,096. Daftari hilo pia limeandikwa ukubwa wa eneo zima. Kwa hiyo ukubwa wa patisheni umeandikwa mara mbili, katika hati na katika daftari la nyumba, na maandishi hayo mawili lazima yakubaliane.

Hapa ndipo unapopatikana utaratibu ambao wanaotumia vitufe vya kubofya hawauoni, ingawa kila programu ya kazi hii huufuata. Unapopunguza patisheni, nyumba hutangulia na hati hufuata: kwanza mafaili yaliyo upande wa mkiani huhamishiwa ndani, daftari huandikwa upya kwamba eneo limekuwa dogo, na baada ya hapo tu ndipo bikoni ya mwisho inarudishwa nyuma katika jedwali. Unapoongeza, mpangilio hugeuka: bikoni husogezwa mbele kwanza, kisha mfumo wa faili hutandazwa hadi ufike penye bikoni mpya. Anayepunguza kwa kuanza na hati, kama walivyofanya baadhi yetu enzi za kuandika amri kwa mkono katika Linux, hujikuta na nyumba ambayo nusu ya vyumba vyake viko kwa jirani, na jirani akijenga, vyumba hivyo vimekwenda.

Kwa miaka mingi kompyuta za nyumbani hazikuwa na chombo cha kufanya hatua zote mbili. Programu ya fdisk iliyokuja na DOS, mfumo uliotangulia Windows, ilijua hati peke yake. Kubadilisha ukubwa kulimaanisha kufuta patisheni na kuiunda upya, pamoja na kupoteza kila kilichokuwemo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya PowerQuest ya Marekani iliuza programu yake ya PartitionMagic kwa sababu hiyo hasa, kwamba iliweza kuipunguza nyumba yenye watu ndani. Microsoft iliweka uwezo wa kupunguza na kuongeza katika dirisha la kusimamia diski kuanzia Windows Vista, iliyoingia sokoni Januari 2007, na tangu hapo mtu wa kawaida hana haja ya kununua chochote kwa kazi zilizo rahisi.

Nafasi ipo, lakini kupunguza kunagoma

Kabla ya kurudi kwenye C iliyojaa, kuna kikwazo kingine kinachowachanganya watu, hasa wale wenye diski isiyokatwa kabisa ambao wanataka kuipunguza C ili wapate D. C ina gigabaiti 465, zilizotumika ni 90 tu, lakini wanapochagua "Shrink Volume" wanaambiwa kwamba kinachoweza kupunguzwa ni gigabaiti 190, au hata 20. Swali linalofuata huwa ni moja: zilizobaki zimekwenda wapi?

Hazijaenda popote. Kupunguza huanzia mkiani na kurudi nyuma, kwa hiyo jambo la maana si kiasi cha nafasi iliyo wazi bali faili lililo mbali zaidi kuelekea mwisho wa patisheni. Mafaili ya kawaida Windows huyahamisha bila shida. Yapo mengine ambayo haiyagusi ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa yenyewe inayakalia: pagefile.sys, linalotumika kama nyongeza ya memori, hiberfil.sys, ambamo hali ya kompyuta huhifadhiwa inapolazwa; nakala za kurejesha mfumo; na sehemu za daftari lenyewe la NTFS. Faili moja kati ya hayo likiwa limetua katikati ya diski, hapo ndipo ukomo, hata kama nyuma yake kuna uwanja mtupu wa gigabaiti 200.

Windows humtaja mhusika, ingawa huandika jina lake mahali ambapo wachache huangalia. Kila unapojaribu kupunguza, katika kumbukumbu za matukio (Event Viewer), upande wa programu (Application), huandikwa tukio namba 259 linalotaja faili la mwisho lililokataa kuhama. Ukilijua, dawa yake inajulikana. Kwa hiberfil.sys, andika powercfg /h off katika dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi, na faili litafutika. Kwa pagefile.sys, zima memori ya nyongeza katika mipangilio ya mfumo kisha uwashe kompyuta upya. Kwa nakala za kurejesha, zima ulinzi wa mfumo kwa muda, ukikumbuka kwamba nakala zilizopo zitafutika. Baada ya hapo jaribu tena kupunguza, na kazi ikiisha rudisha ulivyovizima. Likibaki faili la daftari la NTFS, itabidi kazi ifanywe na programu inayoendeshwa kutoka nje, wakati Windows yenyewe haijawashwa.

Tatizo lenyewe: bikoni ya mwanzo

Sasa turudi kwa yule mwenye C ya gigabaiti 100. Alipoipunguza D kwa gigabaiti 60, bikoni iliyosogea ni ya mwisho wa D, kwa hiyo nafasi tupu imepatikana kulia kwa D, ukingoni mwa diski. Jirani wa C upande wa kulia bado ni D, anayeanza sekta ileile 209,954,816. Chombo cha Windows kinajua kusogeza bikoni ya mwisho tu. Bikoni ya mwanzo hakiigusi kamwe. Kwa hiyo C imebanwa, na amri imepauka kwa haki.

Kuiongeza C kwa gigabaiti 60 kunadai D ianze sekta 335,783,936. Namba hiyo haibadilishwi kwa kuandika tu, maana daftari la NTFS huhesabu mahali pa kila faili kuanzia mwanzo wa patisheni. Ukisogeza mwanzo bila kusogeza yaliyomo, kila anwani itakosea kwa gigabaiti 60. Lazima D yote, kuanzia kifungu cha kwanza hadi cha mwisho, inakiliwe kwenda kulia kwa umbali huo.

Programu zinazofanya hivyo zipo. Ninayoitumia mimi ni GParted, iliyoanza mwaka 2004, ya bure, ambayo huwekwa kwenye flashi na kuiwasha kompyuta badala ya Windows. Unaikamata D kwa kipanya, unaivuta kulia, unabofya alama ya kukubali, na mstari wa kijani unaanza kutembea. Urahisi huo wa kuvuta unaficha kinachotokea chini yake. D iliyopunguzwa ina gigabaiti 305 hivi, na inasogea kwa gigabaiti 60, kwa hiyo makazi mapya yanalalia makazi ya zamani kwa sehemu kubwa. Programu inalazimika kuanza kunakili kutoka mkiani ili isifute ambacho haijakinakili bado. Kazi ikifika nusu, mkia wa D uko mahali papya, kichwa kiko mahali pa zamani, na katikati nakala mpya zimeshafunika za zamani. Wakati huo hakuna jedwali lolote, la zamani wala jipya, linaloweza kuieleza D kama ilivyo. Mwenye nyumba yuko barabarani na vyombo.

Tupige hesabu ya muda wa kukaa barabarani. Diski ya kuzunguka inaposoma na kuandika kwa wakati mmoja juu ya sahani zilezile hupoteza mwendo mwingi. Tukikadiria megabaiti 40 kwa sekunde, gigabaiti 305 zitachukua zaidi ya saa mbili. Katika diski ya SSD inaweza kuwa dakika chache tu, nayo ni tofauti kubwa ya hatari. Mtu anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa atajiuliza mwenyewe kama saa mbili na zaidi ni muda wa kuamini.

Niliwahi kuletewa kompyuta mpakato ambayo betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi, ikiishi kwa chaja peke yake. Mwenyewe alikuwa ameisogeza D jioni, umeme ukakatika kazi ikiwa imepita kidogo nusu. Ilipowaka tena, Windows ilifunguka vizuri, C ilikuwa salama, lakini D ilionekana kama eneo lisilo na mfumo wa faili na kila alipoibofya aliulizwa kama angependa ifomatiwe. Bahati yake ni kwamba alikataa. Hata hivyo, programu kama TestDisk, ambazo ni hodari wa kutafuta mipaka iliyofutika katika jedwali, hazikuwa na cha kurudisha, kwa kuwa safari hii iliyovurugika ilikuwa nyumba, si hati. Picha zilipatikana nyingi kwa njia ya kuzitafuta moja moja kwa alama zake za mwanzo, bila majina na bila folda. Nyaraka za kazi yake, chache mno.

Ndiyo maana kwa hali ya C na D mimi hushauri njia ya mzunguko, ingawa inachukua muda mrefu zaidi. Nakili kila kilichomo katika D kwenda diski ya nje. Fungua mafaili kadhaa kutoka katika nakala, makubwa na madogo, uhakikishe yanafunguka kweli. Kisha ifute D katika dirisha la kusimamia diski, ili eneo lake lote ligeuke nafasi tupu inayopakana na C. Iongeze C kwa kiasi unachotaka, kazi ya sekunde chache kwa kuwa bikoni inayosogea ni ya mwisho tu. Sehemu iliyobaki iundie D mpya, na urudishe vitu. Umeme ukikatika hatua yoyote kati ya hizi, nakala moja kamili ipo mahali pake wakati wote, na utaendelea ulipoishia. Tofauti na kusogeza, hakuna dakika hata moja ambayo data zako ziko barabarani.

Mtego mmoja katika njia hii unahusu kompyuta za zamani. Jedwali la kale, liitwalo MBR, lilibuniwa mwaka 1983 pamoja na PC DOS 2.0, na lina nafasi za patisheni nne tu, kila moja ikielezwa kwa baiti 16. Ili kuzidi nne, patisheni moja hugeuzwa kuwa boma lenye patisheni nyingine ndani, na mafundi wengi walikuwa na desturi ya kuiweka D ndani ya boma hilo. Ukiifuta D ya aina hiyo, nafasi yake huonyeshwa kwa rangi ya kijani hafifu badala ya mstari mweusi wa nafasi isiyogawiwa, na C bado haiongezeki, kwa sababu boma lenyewe limesimama. Inabidi ulifute na boma, ndipo mstari mweusi utokee. Na ukiona Windows inakuuliza kama iigeuze diski kuwa ya aina iitwayo "dynamic", kataa: kugeuza ni rahisi, kurudi kwa zana za Windows kunadai ufute patisheni zote, na mifumo mingine itapata shida kuisoma diski hiyo. Jedwali jipya, GPT, halina mambo ya boma. Kwa kawaida lina nafasi 128, huhifadhi nakala yake ya pili mwishoni mwa diski, na halijui ukomo wa terabaiti 2 ambao MBR ilijifunga nao kwa kuandika namba za sekta katika biti 32.

Jirani asiyeonekana

Hata mwenye diski isiyo na D anaweza kukuta C yake imebanwa. Mfano wa siku hizi ni mtu aliyenunua SSD ya terabaiti 1, akanakili kila kitu kutoka diski ya gigabaiti 256, na sasa anaona zaidi ya gigabaiti 690 zisizogawiwa zikiwa zimekaa upande wa kulia, ilhali C inakataa kuzichukua. Akitazama vizuri ataona kati ya C na nafasi hiyo kipande chembamba cha megabaiti mia kadhaa. Hicho ni patisheni ya urejeshaji, ambamo Windows huweka mfumo mdogo wa kuamkia pale mfumo mkubwa unaposhindwa kuwaka. Haina herufi, haionekani mahali yalipo mafaili, na dirisha la kusimamia diski halitoi amri ya kuifuta kwa kubofya.

Patisheni hiyo ilizua kizaazaa Januari 2024. Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441, la kuziba upenyo uliomwezesha mtu aliyeishika kompyuta mkononi kuukwepa usimbaji wa BitLocker, yaani kufuli la Windows linalozifanya data za diski zisisomeke bila ufunguo, kwa kupitia mfumo wa urejeshaji. Sasisho lilihitaji nafasi katika patisheni ya urejeshaji, na katika kompyuta nyingi patisheni hiyo ilikuwa ndogo mno. Watu wakakutana na kosa 0x80070643, namba isiyosema lolote kuhusu ukubwa wa patisheni, na Microsoft ikawaelekeza waliokwama waiongeze kwa megabaiti 250 kwa mikono yao wenyewe. Kumtaka mwenye kompyuta ya nyumbani aandike amri za diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski kwa maandishi, ili apate sasisho la usalama ni jambo ambalo sikutarajia kuliona kutoka kwa kampuni kubwa kiasi hicho.

Hata hivyo, maelekezo yenyewe yanafundisha. Patisheni ya urejeshaji iko kulia kwa C, kwa hiyo kuipanua kwa kuchukua kutoka C kungedai kusogeza bikoni yake ya mwanzo kwenda kushoto. Microsoft haikumwelekeza mtu kusogeza. Ilimwambia kwanza aandike reagentc /disable, amri inayouzima mfumo wa urejeshaji na kulirudisha faili lake ndani ya C. Kisha aipunguze C kwa megabaiti 250. Kisha aifute patisheni ya urejeshaji na kuunda nyingine kubwa zaidi katika eneo lililopatikana. Kisha reagentc /enable, ili faili lirudi katika makao mapya. Ni ile njia ya mzunguko, kwa kipimo kidogo. Mwenye SSD mpya anaweza kufuata mpangilio uleule: azime urejeshaji, aifute patisheni hiyo kwa diskpart, aiongeze C huku akiacha gigabaiti 1 hivi mwishoni, aunde patisheni mpya hapo akiipa aina na sifa za urejeshaji kama maelekezo ya Microsoft yanavyoonyesha, na awashe tena. Kabla ya kufuta, namba ya diski na namba ya patisheni zisomwe mara mbili, kwa kuwa diskpart hufuta kilichochaguliwa bila kuuliza swali.

Mambo ya kuyaweka sawa kabla ya kugusa

Usimbaji wa diski unastahili kutajwa kwa sababu kompyuta nyingi mpya zinao bila mwenyewe kujua. BitLocker ikiwa imewashwa, chombo cha Windows kinaweza kupunguza na kuongeza, lakini programu iliyowashwa kutoka kwenye flashi itaona mchanganyiko usiosomeka na haitaweza kufanya lolote la maana. Tafuta kwanza ufunguo wa urejeshaji, wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, uuandike kwenye karatasi, kisha usimamishe usimbaji kwa muda. Ukiruka hatua hiyo, kompyuta inaweza kuamka ikiudai ufunguo huo, na akaunti iliyouhifadhi ikawa ya mtu aliyekuuzia mashine.

Jambo la pili ni kuzima kompyuta kikweli. Tangu Windows 8, kubofya "Shut down" kwa kawaida hakuizimi kabisa. Sehemu ya mfumo hulazwa kwenye diski ili kesho iamke haraka, na NTFS huachwa ikiwa nusu wazi. GParted ikikuta hali hiyo hukataa kuigusa patisheni, na inafanya vyema kukataa. Shikilia kitufe cha Shift unapobofya kuzima, au tumia kuwasha upya, na kabla ya hapo andika chkdsk /f ili daftari likaguliwe. Diski inayotoa makosa mengi katika ukaguzi huo isipunguzwe wala kuongezwa; itolewe data, ibadilishwe.

Kwa wanaotumia Linux, kanuni za kiwanja ni zilezile, ila mifumo ya faili ina tabia tofauti. Ext4 huongezwa hata ikiwa inatumika, lakini haipunguzwi mpaka iachiliwe, ndiyo maana patisheni kuu hupunguzwa kutoka kwenye flashi. XFS huongezeka tu. Anayetarajia kuipunguza atalazimika kunakili na kuunda upya. Walioweka LVM, tabaka linalokaa kati ya diski na mfumo wa faili, wana ahueni, kwa kuwa juu yake kiwanja kimoja kinaweza kuundwa kwa vipande visivyopakana. Katika kompyuta za Apple zinazotumia mfumo wa faili wa APFS tangu 2017, sehemu kadhaa huchangia ghala moja la nafasi, na suala la C kubanwa na D halizuki kabisa zikiwa ndani ya ghala hilo.

Nikubali pia kwamba nusu ya kompyuta nilizoletewa kwa kazi hii hazikuihitaji. Folda za nyaraka, picha na vitu vilivyopakuliwa zinaweza kuhamishiwa D kwa kubadilisha mahali pake katika sifa za folda husika, na Windows ikaendelea kuzitumia kama kawaida. Folda ya Windows.old, inayobaki baada ya kupandisha toleo, peke yake huweza kula makumi ya gigabaiti, na huondolewa kwa zana ya kusafisha diski. Dakika 20 za usafi huo wakati mwingine huitoa C katika wekundu bila bikoni yoyote kusogezwa.

Ukishamaliza kazi, andika reagentc /info kuona kama mfumo wa urejeshaji unasomeka kuwa umewashwa, endesha chkdsk kwa C na D, rudisha memori ya nyongeza na ulinzi wa mfumo, na uurejeshe usimbaji uliousimamisha. Ikiwa uliunda D mpya, hakikisha herufi yake ni D kama mwanzo, maana diski ya nje iliyokuwa imechomekwa wakati wa kazi inaweza kuwa imeichukua herufi hiyo. Programu zilizozoea kusoma kutoka D hazitaitafuta E, zitalalamika tu kwamba mafaili hayapo.